Kila Mkono na Mpaka Wake

Mazungumzo baada ya taarifa ya habari, kwa wapiganaji wa jeshi na askari polisi



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu dakika chache tu: zile zinazopita baina ya mtu kuanguka na mtu huyo kufika mbele ya daktari. Katika dakika hizo hakuna chumba cha upasuaji, hakuna taa kubwa, wala hakuna profesa. Yupo majeruhi, na yupo yule aliyemkuta. Swali letu ni hili: huyo aliyemkuta ana ruhusa ya kufanya nini, na ni nani aliyempa ruhusa hiyo?

Tuchukue mfano. Tuseme ni usiku, kusini ya mji wa Arua, karibu na Kuluva. Pikipiki imegongana na lori. Watu wawili wamelala barabarani. Mmoja amepasuka paja na damu inamwagika kwa nguvu. Mwingine hasemi neno, anakoroma tu kama mtu aliyelewa. Wa kwanza kufika ni askari wawili wa doria, wenye gari aina ya pikapu na tochi moja.

Sote tunajua yanayotokea mara nyingi mahali kama hapo. Majeruhi hunyanyuliwa kwa mikono na miguu, wakatupwa nyuma ya gari mmoja juu ya mwenzake, dereva akakanyaga mafuta. Nia ni njema kabisa. Lakini mwenye paja lililopasuka huweza kufa njiani kwa damu ambayo kiganja cha mkono kingeizuia. Anayekoroma huweza kukata roho kwa sababu ulimi umeziba njia ya pumzi. Na mwenye uti wa mgongo uliovunjika, aliyekuwa bado anaweza kuponywa, hushushwa hospitalini akiwa kiwete wa maisha. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Lakini kuna kosa la pili, nalo halisemwi sana. Ni kosa la askari anayesimama mikono nyuma, akisema kwamba yeye si daktari, asije akalaumiwa. Huyu naye ameua, ijapokuwa hakugusa. Wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Baina ya methali hizi mbili ndipo ulipo mpaka wa kazi ya mhudumu wa dharura, na mpaka huo haufai kuachiwa ubashiri. Wapasa kuandikwa, kufundishwa, kutahiniwa na kulindwa kwa sheria.

Jambo hili si geni kwenu wanajeshi. Katika mwaka wa 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hapa Uganda kiliundwa kikosi cha tiba cha Waafrika, ambacho vijana wake wengi walitoka katika shule kama vile Budo na Namilyango. Vijana hao walikwenda kuwahudumia askari na wapagazi katika vita vya Tanganyika. Hawakuwa madaktari, na hakuna aliyewaita madaktari. Walifunzwa kazi zilizopimwa, wakazifanya. Tangu wakati huo jeshi linafahamu kwamba mtu aliyefunzwa mambo machache barabara huokoa maisha zaidi kuliko mtu anayejua mengi nusu nusu.

Nchi nyingine zilichelewa kulijua hili kwa upande wa raia. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa taarifa iliyoitia aibu nchi hiyo tajiri. Taarifa hiyo ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa mazishi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na magari marefu ya kulaza mtu. Ilieleza vilevile kwamba wataalamu waliorejea kutoka vita vya Korea na Vietnam waliona kuwa mtu aliyejeruhiwa vibaya alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona katika uwanja wa vita kuliko katika barabara ya mjini. Sababu ni kwamba vitani kulikuwa na mganga wa kikosi aliyejua kazi yake na mpaka wake. Mwaka 1970 nchi hiyo ikaanzisha daftari la taifa la kuwatahini na kuwaandikisha wahudumu wa dharura.

Leo huko wapo katika madaraja manne, na inafaa tuyaeleze, maana mantiki yake ni ya mahali popote.

Daraja la kwanza ni la mtu anayefika mwanzo: askari polisi, zimamoto, mpiganaji. Kazi yake ni kuhakikisha usalama wa mahali, kuita msaada, kufungua njia ya pumzi, kukandamiza jeraha linalotoka damu, kufunga ukanda wa kuzuia damu inapobidi, kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, na kuzuia shingo isiyumbe. Hachomi sindano za dripu. Hampi majeruhi wa tumbo maji ya kunywa, hata akilia kiu.

Daraja la pili ni la mhudumu wa gari la wagonjwa. Huyu hutoa oksijeni, huweza kumpumulisha mtu kwa mfuko na barakoa, hupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hufunga mifupa iliyovunjika, na huweza kumpokea mtoto anayezaliwa njiani. Daraja la tatu huongeza dripu na dawa chache zilizotajwa kwa majina. Daraja la nne ni la mhudumu mwandamizi, ambaye huweza kupitisha mrija kooni, kusoma mwendo wa moyo kwa mashine, na kutoa dawa kali chini ya maelekezo ya daktari.

Angalieni kwamba kila daraja limebeba kazi zote za daraja lililo chini yake. Hakuna mkubwa aliyepanda cheo akaacha kujua kuzuia damu kwa kiganja.

Lakini kujua hakutoshi. Wataalamu hutenganisha mambo manne ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kufunzwa. La pili ni kutahiniwa na kupewa cheti, yaani ushahidi kwamba mtu amefuzu. La tatu ni leseni, yaani ruhusa ya serikali. La nne ni kukabidhiwa kazi na mkuu wake wa tiba, katika mahali fulani na kwa vifaa fulani. Ninyi mnaielewa tofauti hii kuliko raia. Askari hufunzwa bunduki, kisha hupimwa shabaha, kisha huandikishwa silaha, na hata baada ya hayo yote hafyatui risasi ila kwa amri na kwa sheria. Hapana askari anayesema kwamba, kwa kuwa anajua kulenga, basi ana ruhusa ya kupiga popote. Sindano nayo ni silaha, na mrija wa kooni ni silaha. Katika mkono usiokabidhiwa, huua.

Tugeukie nchi yetu. Mwaka 1996 zilitungwa sheria tatu: ya madaktari na madaktari wa meno, ya wauguzi na wakunga, na ya wataalamu wengine wa afya, wakiwamo matabibu ambao zamani tuliwaita waganga wasaidizi. Kila moja ina baraza lake na daftari lake. Kwa hiyo anayemkuta mgonjwa wodini anajulikana: ni muuguzi wa cheti au wa stashahada, ni tabibu au ni daktari, na aliyevuka mpaka ana mahali pa kujibu. Bali yule anayekaa nyuma ya gari la wagonjwa alibaki kwa miaka mingi bila jina lililo wazi. Pengine alikuwa muuguzi aliyeazimwa wodini, pengine dereva peke yake. Mwaka 2021 Wizara ya Afya ilitoa sera ya taifa ya huduma za dharura, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini sera ni ramani, na ramani haitembei. Anayetembea ni mtu mwenye daraja, mwenye leseni na mwenye mshahara unaolingana na daraja lake.

Kwamba jambo hili lawezekana, tunao ushahidi hapa hapa nyumbani. Katika hospitali ya Karoli Lwanga, Nyakibale, wilayani Rukungiri, wauguzi walianza mwaka 2009 kupewa mafunzo maalumu ya tiba ya dharura, chini ya usimamizi wa madaktari. Walipofuzu, walikabidhiwa kazi ambazo zamani zilimngoja daktari, na baadaye wakawa walimu wa wenzao. Hawakujitwalia mpaka mpya usiku wa manane. Mpaka wao ulisogezwa mbele kwa mafunzo, kwa mtihani na kwa usimamizi. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kama tofauti ya kupandishwa cheo na kujishonea nyota begani.

Na kwa askari polisi, Kampala imetoa mfano wake. Mwaka 2008 watu zaidi ya 300, yaani polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumhudumia majeruhi. Walipofuatwa miezi sita baadaye, wengi wao walikuwa wamekwisha kuutumia ujuzi huo. Siku moja tu! Gharama yake si kubwa kuliko ya gwaride.

Sasa turudi Kuluva, tulikowaacha majeruhi wetu wawili. Hospitali hiyo ya Kanisa la Uganda ina historia yenye somo linalotuhusu. Ilijengwa katika miaka ya 1940 na Daktari Ted Williams, ambaye baadaye alifanya kazi pamoja na ndugu yake, Daktari Peter Williams. Mwaka 1961 Ted Williams alifuatana na Daktari Denis Burkitt wa Mulago katika safari ya gari ya wiki 10, wakipita hospitali kwa hospitali kuutafuta uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa Kuluva zilisaidia wataalamu wa dunia kuchunguza ugonjwa huo ulitokea wapi na lini. Jina la mgonjwa, kijiji chake, tarehe: mambo madogo, yaliyoandikwa bila kuchoka, yakawa hazina.

Somo hilo ndilo la askari wetu barabarani. Amekandamiza jeraha la paja, damu haikusimama. Amefunga ukanda juu ya jeraha, akaukaza mpaka damu ikakoma. Amefanya kazi ya daraja lake, na amefanya vyema. Lakini kazi haijaisha. Yampasa aandike saa aliyoufunga, hata ikiwa ni kwa kalamu juu ya paji la uso la majeruhi. Maana ukanda ukipita saa mbili, mguu waweza kupotea, na daktari anayempokea hawezi kuamua lolote kama haijui saa hiyo. Wala askari asiulegeze njiani kwa huruma. Kuulegeza ni kazi ya daraja lililo juu yake. Fikirini majeruhi mzito wa Koboko aliyepewa rufani kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Arua, mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Katika safari hiyo maisha yake huenda yamo katika tarakimu nne zilizoandikwa na koplo.

Na yule anayekoroma? Ageuzwe kwa ubavu, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja kama gogo moja, ili pumzi ipite. Mwenzake amshike kichwa. Basi. Askari asijaribu kumpitishia kitu kooni kwa kuwa aliwahi kuona daktari akifanya hivyo.

Kabla ya kumaliza, kuna jambo moja la wenye madaraka. Wako wapiganaji waliofunzwa uganga wa kikosi, na tangu mwaka 2007, majeshi yetu yalipoingia Somalia, wako waliofunga majeraha ambayo wengi wetu hatutayaona. Mpiganaji wa namna hiyo akistaafu na kurudi kijijini kwake Koboko au Arua, ujuzi wake unaandikwa wapi? Akiwa hana cheti kinachotambuliwa na baraza lolote la raia, atalinda ghala usiku, na gari la wagonjwa litapita mbele ya lango lake likiwa na dereva peke yake. Haifai kumpa leseni kwa heshima ya vita alivyopigana, maana mgonjwa haponi kwa nishani. Inafaa apimwe kwa mtihani ule ule wa raia, apewe daraja analostahili, na aongezewe mafunzo pale alipopungukiwa. Hilo ni jambo la haki kwake, na ni jambo la uhai kwa majirani zake.

Ndugu wasikilizaji, mpaka wa kazi si ukuta wa kujifichia, wala si kamba ya kurukwa na kila mwenye ujasiri. Ulio ndani ya mpaka wako, ufanye wote, ufanye upesi, usingoje kuombwa. Ulio nje ya mpaka wako, mwachie mwenye daraja lake, na wewe mpelekee majeruhi akiwa hai, akiwa na maandishi ya saa na ya yale uliyomfanyia. Na kama mpaka wako hujaufahamu bado, muulize kesho asubuhi mkuu wako wa tiba, kabla barabara haijakuuliza wewe.