Kasha la Bapa: Tatizo Tunalolirudia katika Boti Ndogo za Tanga

Mada kwa semina ya mafundi boti na wakufunzi wa unahodha



Nimeombwa nizungumzie boti ndogo ya tanga inayovutwa kwa trela na kusafiri kwenye maji ya kina kifupi. Fasili yake sote tunaijua: chombo kisicho na mkuku mzito, chepesi cha kukokotwa na gari la kawaida, kinachoweza kupwelewa kikakaa wima bila kuumia. Sitaki kuwachosha hapo.

Mfano wangu ni Drascombe Lugger, iliyosanifiwa Uingereza miaka ya 1960 na John Watkinson, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini. Ina urefu wa mita 5.7 hivi, na bapa lake la kushusha majini likipandishwa inaelea kwenye maji ya sentimita 25 tu. Likishushwa, kina kinazidi mita 1. Mwaka 1978 Mmarekani Webb Chiles aliondoka San Diego na boti ya aina hiyo, wazi, isiyo na sitaha, akaivuka Pasifiki. Ubora wa chombo hauna ubishi.

Sasa niingie kwenye kasha.

Bapa la chuma hukaa ndani ya kasha jembamba katikati ya boti, na hushukia kwenye mwanya ulio chini. Ndilo linaloizuia boti isiende upande inapobisha. Maji yakipwa, uzito wote wa chombo unaukandamiza mwanya kwenye tope na changarawe. Jiwe moja la ukubwa wa kunazi likipenya kati ya chuma na ukuta wa kasha, kazi imeanza. Maji yanajaa, boti inaelea, nahodha analegeza kamba, bapa halishuki. Anatweka hivyo hivyo, na upepo unamsukuma kwenye fungu lile lile alilotaka kulikwepa. Anachukua nyundo na kugonga kutoka juu. Jiwe linazidi kujikaza, zinki inachubuka, chuma kinashika kutu na kuvimba, na mwakani bapa litakwama hata pasipo jiwe. Kwenye boti ya mbao, kugonga huko hulegeza kiungo cha kasha na mkuku, na ngama haikauki tena.

Wengi hudhani watalisafisha kasha nchi kavu. Kwenye trela mwanya umekalia rola, na bapa halina pa kushukia. Chombo kimebuniwa kivutwe na trela, lakini kikiwa juu ya trela hakitibiki! Haya yalisemwa katika semina zilizopita na kuandikwa kwenye maazimio. Bado miongozo ya wanafunzi inataja kina cha boti bila neno moja kuhusu kasha. Kwa heshima zote kwa taasisi zinazoiandaa, mwenye boti analaumiwa kwa uzembe ilhali kosa liko kwenye mchoro.

Mapendekezo yangu ni haya. Kasha liwe na kifuniko cha kufunguka juu, ili ufito wa mbao upitishwe kulisukuma jiwe litoke lilikoingilia. Ncha ya nyuma ya bapa, inayobaki karibu na mwanya hata likipandishwa, itobolewe tundu, ndoano ipate pa kushika kutoka chini. Nafasi kati ya bapa na kasha isibanwe mno kwa kuogopa kelele. Bapa linalogongagonga ni nafuu kuliko lililokwama. Mwanya uwekewe ndimi za mpira pande zote mbili. Trela iwe na rola za kuhamishika, boti ikiegemezwa vizuri mwanya ubaki wazi. Nyundo ipigwe marufuku. Narudia, nyundo ipigwe marufuku. Wakufunzi wawafundishe wanafunzi kulijaribu bapa mara tu boti inapoelea, kabla ya kutweka. Usukani wa Lugger nao hushuka kwenye tundu lake, basi uinuliwe kabla ya kugusa mchanga. Wasanifu wapya wafikirie mbao za ubavuni kama za Waholanzi, ambazo ziko nje na hazihitaji kasha kabisa. Na miongozo, kama nilivyokwisha sema, iandikwe upya.

Ninaomba azimio la kasha liwe la kwanza kwenye orodha safari hii, na atajwe mtu wa kulifuatilia kabla hatujatawanyika.