Wimbo kwa Mwenye Moyo Mzito

Hotuba ya kwaya katika ibada ya Jubilii ya miaka 25



Katika miaka hii 25 tumeimba kwenye harusi nyingi, lakini tukisema ukweli, ni mazishi yaliyotufundisha kuimba.

Tuwasimulie kosa letu moja. Miaka ya mwanzo tulienda matanga kwa mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Tulidhani kazi yetu ni kumchangamsha, basi tukaja na ngoma, kayamba na nyimbo za kuruka. Mama akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakutukemea. Nasi, aibu iliyoje, tuliendelea kuimba mpaka mzee mmoja akatuashiria tunyamaze.

Mwalimu wetu alitupeleka kwenye Mithali 25:20: kumwimbia mwenye moyo mzito ni kama kuvua nguo siku ya baridi. Kisha tukasoma Zaburi ya 88. Ni zaburi ya wana wa Kora, waimbaji kama sisi. Imeandikiwa mwimbishaji, inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna aliyeipachika ubeti wa furaha mwishoni, na bado iliimbwa mbele za Mungu.

Tangu hapo, kwa waliofiwa tunaanza chini, alto na besi, polepole, bila kinanda. Mwenye kulia alie. Wimbo wa tumaini huja baadaye, na mara nyingi wafiwa wenyewe ndio huuanzisha. (Soprano, tunajua mnavyoona taabu kungoja!)

Na sisi wenyewe? Jumamosi wengi huja mazoezini tumebeba karo, kazi na ugomvi wa nyumbani. Kuvuta pumzi pamoja na kushikilia sauti ndefu hutuliza mwili hata kabla maneno hayajafika moyoni. Mwenzetu mmoja alikaa miezi kadhaa miongoni mwa besi bila kufungua mdomo. Hatukumhoji. Kila wiki tulimwekea kitabu cha nyimbo kwenye kiti chake.

Kwa yule mama tulirudi baada ya mwezi, watu wanne tu, kuomba radhi. Alitupikia chai, kisha akatuomba wimbo alioupenda mtoto wake. Ulikuwa wa kuruka. Tuliuimba tukiwa tumeketi, polepole, naye ndiye aliyeanza kupiga makofi.