Mlezi wa Nyumbani na Cheti Chake

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa Meru na wa Embu, akina mama, na wanachama wote mliohudhuria:

Kwa desturi taarifa ya mwaka husema habari za ada, za karo, za wagonjwa na za mazishi. Leo Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tuseme pia juu ya watoto wachanga, na juu ya wanawake wanaowalea majumbani mwao wakati mama zao wako kazini. Twaomba mtusikilize kwa uvumilivu, maana jambo lenyewe laonekana dogo, kama mtoto mwenyewe alivyo mdogo.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara. Shule ya awali humpokea mtoto afikapo umri wa miaka 4. Ondoeni miezi 3 katika miaka 4, na itabaki miezi 45. Katika miezi hiyo 45 mtoto yu mikononi mwa nani? Na hesabu hii ni ya mama mwenye barua ya kazi. Mama anayechuma chai kwa kibarua kule Manyatta, anayefunga miraa kule Igembe, anayechuma muguka kule Mbeere, au anayeuza ndizi katika soko la Gakoromone, hana likizo ya kuhesabiwa. Yeye hurudi kazini mara mgongo wake upatapo nguvu.

Zamani jibu lilikuwa nyanya. Nyumba ya nyanya ilikuwa karibu, na wakwe, mashangazi na wake wenza walikuwapo uani. Leo mama kijana amepanga chumba kimoja Maua, Nkubu, Runyenjes au Timau, na nyanya yuko mbali, naye pengine ana kibarua chake. Pasipo nyanya zabaki njia tatu. Ya kwanza ni kumfungia mtoto ndani na kumwachia Mungu. Ya pili ni kumtoa dada yake shuleni ili ambebe mgongoni. Ya tatu ni kumpeleka kwa jirani anayepokea watoto kwa ada ndogo ya kila siku.

Wazee wetu, njia ya kwanza ni hatari tupu. Njia ya pili yamwibia msichana elimu yake, nayo ni kinyume cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo yamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Basi yabaki njia ya tatu, yaani huyo mama jirani. Hatukuja hapa kumshitaki. Tumekuja kuomba asimame mchana peupe, awe na cheti chake ukutani, na Chama kiwe nyuma yake.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa uliokuwa Mkoa wa Kati, ambao ndani yake zilikuwamo Embu na Meru, ikawaweka katika vijiji vya kulazimishwa. Akina mama waliamriwa kazi za kulazimishwa, miongoni mwazo kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya. Mama akiwa handakini hawezi kunyonyesha. Ndipo palipoanzishwa nyumba za kutunza watoto mchana katika vijiji vile, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952, vilishiriki katika kuziendesha na katika kuwapa uji watoto wenye njaa. Kazi ile ilizaliwa katika uchungu, lakini ilituachia fundisho kwamba mama akiitwa kazini, mtoto hana budi kuwekewa mahali.

Baada ya Uhuru mwaka 1963, wazazi walijenga shule za nasari kwa moyo wa Harambee, nyingine chini ya mti na nyingine katika majumba ya kanisa, wakamlipa mwalimu kwa michango yao. Shule hizo zilikua, zikapata mtaala na walimu waliofundishwa, na leo ziko chini ya kaunti. Lakini kadiri zilivyozidi kuwa shule, ndivyo zilivyozidi kumhusu mtoto wa miaka 4 na 5. Yule wa miezi 6, asiyeweza kukaa wala kusema, alibaki nje ya mlango.

Sasa tuseme juu ya sheria, maana wengi hudhani kwamba leseni ni jambo la Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti kazi ya elimu ya awali na ya vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo anayetaka kulea watoto nyumbani kwake huko Laare hutafuta ruhusa Meru, na yule wa Siakago huitafuta Embu. Kaunti ya Nairobi ilijitungia sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017, na kila kaunti ina uwezo kama huo. Juu ya yote iko Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2001, na Kifungu cha 53 cha Katiba, ambacho kwacho manufaa ya mtoto hutangulia katika kila jambo limhusulo.

Je, mlezi afanye nini? Mlango wa kwanza ni ofisi ya biashara ya kaunti, au ofisi ya wadi iliyo karibu naye, ambako huomba leseni ya biashara. Ada hutegemea sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka. Kwa hiyo na aulize ofisini, asitegemee habari za sokoni. Akitaka kuiita nyumba yake kwa jina lisilo lake mwenyewe, jina hilo halina budi kusajiliwa.

Mlango wa pili ni kwa Bwana Afya. Yeye huja kuitazama nyumba kwa mamlaka ya Sheria ya Afya ya Umma. Hutazama choo, maji, hewa, taka na mahali pa kupikia. Na kwa kuwa mlezi huwaandalia watoto wa watu chakula, yeye na msaidizi wake hupimwa afya na kupewa cheti, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6.

Mlango wa tatu ni cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ombi huandikwa kwa njia ya eCitizen, na alama za vidole zaweza kuchukuliwa katika Huduma Centre zilizoko Meru na Embu. Hata pale ambapo mlezi hakudaiwa cheti hiki, Chama chashauri kwamba awe nacho, yeye na kila mtu mzima akaaye katika nyumba ile. Mzazi ana haki ya kujua ni nani walio chini ya paa moja na mtoto wake.

Yako mambo mawili yanayowachanganya watu. Mlezi akianza kuwafundisha watoto wa miaka 4 na 5 masomo ya shule ya awali, nyumba yake imekuwa shule, na shule husajiliwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Tena, kulea mchana ni jambo moja, na kuwaweka watoto walale na kuishi hapo ni jambo jingine kabisa. Hayo ni makao ya watoto, yenye sheria kali zaidi, na mwezi wa Novemba mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya namna hiyo. Mlezi wa mchana asikubali kuachiwa mtoto kwa majuma, hata kwa huruma. Mtoto asipochukuliwa jioni, na apelekewe habari chifu au afisa wa watoto.

Lakini cheti kisichofuatwa na matendo ni karatasi tu. Yatupasa tuseme yale yanayotakiwa ndani ya nyumba. Katika baridi ya mwezi wa Julai huko Timau na katika miinuko ya Embu, mtu huwasha jiko la makaa ndani na kufunga dirisha ili watoto wapate joto. Moshi wake hauonekani, nao huua waliolala. Jiko likae nje, na watoto wavikwe nguo za kutosha. Mafuta ya taa, dawa na visu viwekwe juu. Ndoo na pipa la maji vifunikwe, maana mtoto aweza kufa maji katika ndoo. Mtoto mchanga alazwe chali. Asipewe kamwe dawa ya kikohozi ili apate usingizi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yatunzwe katika chombo safi, kwa kuwa mtoto hahitaji chakula kingine mpaka atimize miezi 6.

Mlezi aombe kukiona kijitabu cha kliniki cha kila mtoto, aangalie kama chanjo zimetimia, ile ya surua ikiwa hutolewa katika miezi 9 na tena katika miezi 18. Awe na daftari la kuandika jina la mtoto, saa aliyofika, saa aliyoondoka, na aliyemchukua. Daftari hilo lisionyeshwe ovyo, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yazilinda habari za mtoto. Na nambari 116, ambayo hupigwa bure kwa ajili ya mtoto aliye hatarini, iandikwe mahali pa kuonekana na wote.

Wako wazee wanaouliza: tangu lini kumlea mtoto wa jirani kukahitaji karatasi? Swali hili ni la haki, na hatulidharau. Twajibu kwamba hata zamani hapakuwa na malezi yasiyo na mashahidi. Ukoo mzima ulijua mtoto yuko kwa nani, na aliyemdhuru alijua atakayeitwa mbele yake. Katika ploti za kupanga, jirani ni mtu aliyehamia mwezi uliopita, na ukoo wake haujulikani. Cheti kimekuja kushika mahali pa shahidi yule. Chajibu maswali ambayo ukoo uliyajibu bila kuandika: mlezi ni nani, mtoto yuko wapi, na akiumia ni nani atakayeulizwa.

Wako na wanaosema kwamba ada na masharti yatamfukuza maskini katika kazi hii. Hilo nalo ni kweli, tena ndilo linalotutia hofu zaidi. Afisa akifunga nyumba yenye watoto 8 kwa sababu haina leseni, watoto wale 8 hawatoweki. Kesho yake watakuwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, au mgongoni mwa msichana aliyetakiwa darasani. Na mlezi aliyeona mwenzake akifungiwa hatakwenda ofisini kuuliza habari za leseni. Atafunga pazia. Nyumba iliyofunga pazia ndiyo isiyofikiwa na Bwana Afya, wala na muuguzi wa chanjo, wala na mzazi mwenyewe kabla ya jioni. Kwa hiyo kumsaidia mlezi kupata cheti ni jambo la kumlinda mtoto, wala si fadhili kwa mlezi peke yake.

Kwa sababu hizo Halmashauri yaleta maombi manne mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila tawi liwatambue walezi wa nyumbani walio katika eneo lake, kwa hiari yao, bila kutishwa. La pili, tuwaalike maafisa wa afya waje kwanza kufundisha, kabla ya kuja kukagua. La tatu, kutoka katika hazina ya Chama utengwe mfuko wa kukopesha ada ya kwanza, tangi la maji, ua na magodoro, nao urudishwe kidogo kidogo. Walezi wanaopenda kuungana na wasajiliwe kama kikundi, kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. La nne, tupeleke ombi katika Mabunge ya Kaunti za Meru na Embu, kama Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inavyoturuhusu, kwamba ada ya mama anayelea watoto wachache chumbani mwake isilinganishwe na ya mwenye duka kubwa, na kwamba anayepatikana na upungufu apewe muda wa kuurekebisha, isipokuwa pale penye hatari kwa uhai.

Wazee wetu, neno lenu katika baraza husikiwa kuliko tangazo la ofisi. Mkisema kwamba kutafuta cheti si aibu wala si kujitia mtegoni, mama yule atatoka nyuma ya pazia. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa mama upo, na wa mlezi upo. Twaomba sasa mkono wa Chama.

Kwa heshima nyingi twaweka maombi haya mbele yenu, mpate kuyajadili na kuyapigia kura.