Daftari la Mkulima Katika Mtandao wa Umma

Mazungumzo kwa makatibu, watunza hesabu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, Marangu



Tangu KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, mkulima wa mlima huu amekabidhi kahawa yake kwa kuuamini mstari mmoja wa daftari: jina lake, uzito uliopimwa na fedha anazodai. Mstari huo ukifutwa, jasho la mwaka mzima limefutwa pamoja nao. Sasa daftari linahamia katika kompyuta, likiitwa kanzidata, na vyama vinataka kuliunganisha na mtandao ili karani wa Marangu na ofisi ya Moshi wasome hesabu moja. Jambo hilo ni jema. Lakini tujiulize: ni nani mwingine atakayeweza kulifikia?

Mtandao wa umma ni kama barabara ya Himo: hupita mwema na mwovu. Wako wezi ambao kompyuta zao hujaribu milango usiku na mchana, bila kujali ni ya nani. Mwezi Januari 2017, makumi ya maelfu ya kanzidata za aina ya MongoDB, zilizoachwa mtandaoni bila neno la siri, zilifutwa duniani kote, na mahali pake ikaachwa barua ya kudai fedha. Wako waliolipa wasirudishiwe kitu, kwa maana mwizi hakuwa ameweka nakala. Hakuna kufuli iliyovunjwa, haikuwapo.

Kwa hiyo tushike mambo manne.

Kwanza, kanzidata isiwekwe barabarani. Mkulima huhudumiwa dirishani, haingii ghalani. Vivyo hivyo, kinachoelekea mtandaoni kiwe programu ya kupokea maombi tu. Kanzidata ikae nyuma yake, ikiitikia programu hiyo peke yake. Fundi aulizwe waziwazi: je, kanzidata hii yaweza kufikiwa moja kwa moja kutoka nje? Akijibu ndiyo, kazi yake haijakwisha.

Pili, habari zinazosafiri kati ya Marangu na Moshi zifumbwe kwa maandishi ya siri, ili azinasaye njiani asizisome.

Tatu, kila karani awe na neno lake la siri, na lile lililokuja na mtambo libadilishwe siku ya kwanza. Karani wa mizani aandike uzito, lakini asiweze kufuta kumbukumbu wala kubadili akaunti ya malipo. Neno moja la siri kwa ofisi nzima halina mwenyewe. Hasara ikitokea, hapana wa kuulizwa.

Nne, nakala itolewe kila jioni ya msimu, ihifadhiwe mahali pasipounganishwa na mtandao, na ijaribiwe kama kweli yarejesheka. Stakabadhi ya karatasi nayo ibaki mkononi mwa mkulima. Ni shahidi asiyeweza kufutwa kutoka mbali.

Haya si hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Ndugu Wajumbe, msimwachie fundi peke yake. Kamati isiyokubali ghala lilale wazi isikubali daftari lilale wazi.