Hondohondo wa Amani na Miti Yetu Mizee



Nimeombwa nieleze tuliyoyaona katika siku mbili za kuangalia ndege kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1997.

Wengi walifurahia chozi wa Amani, ndege mdogo anayepatikana Tanzania na Kenya tu. Mimi niliyempenda zaidi ni hondohondo. Hata kabla hujamwona, unasikia mabawa yake yakivuma.

Jike huingia katika pango la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki mwanya mwembamba. Humo hutaga na kulea, na dume humletea matunda. Mbegu za matunda wanayokula hondohondo huangushwa mbali na kuota. Ndege huyu ni mpanda miti asiyedai posho!

Hapa ndipo lilipo jambo letu. Miche tunayogawa ni mizuri, lakini itachukua miaka mingi sana kuwa na pango. Mti mzee ukikatwa mbao, hondohondo hukosa pa kuzalia na msitu hukosa mpandaji. Na msitu huo ndio unaotunza maji ya mto Zigi, yanayotumika Tanga mjini.

Naomba kila kamati ihesabu miti mizee iliyobaki katika viwanja vya usharika na iamue isikatwe, hata fedha zikipungua. Nanyi wafadhili, msipime kazi yetu kwa idadi ya miche pekee.