Kima Punju na Minazi ya Watu

Habari za msitu wa Jozani, Unguja, huanza na watalii. Mimi naanza na mkulima wa jirani anayemtazama kima punju akitafuna vidaka vya minazi yake.

Mnyama huyu asili yake ni Zanzibar pekee. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ila kima hasomi ramani. Watafiti waliopima katika miaka ya 1990 walikuta kwamba ulaji huo haupunguzi mavuno, kwani mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi. Sawa. Lakini mwambie hayo mtu anayeona nazi zake zikidondoka kabla hazijapevuka!

Kilicholainisha mambo ni fedha: sehemu ya viingilio hurudi vijijini, na wakulima wanaopakana na msitu wana fungu lao.

Basi swali ni la hesabu. Mapato yasomwe hadharani katika kila shehia, mkulima ajue kilichoingia langoni na kilichomfikia yeye. Anayelisha wanyama wa taifa ana haki ya kuona daftari.