HOTUBA JUU YA FARASI ECLIPSE NA UZAO WAKE



Nataka kuwaelezeni habari za mnyama mmoja ambaye nusura ahasiwe kwa sababu ya ukali wake. Lakini leo, katika kila farasi kumi wa mbio wa ukoo safi duniani, zaidi ya tisa ni uzao wake kwa upande wa baba. Jina lake ni Eclipse, maana yake kupatwa kwa jua, kwani alizaliwa Uingereza siku jua lilipopatwa, tarehe 1 Aprili 1764.

Aliyemzalisha ni Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George wa Pili. Baba wa farasi huyu aliitwa Marske, na mama yake Spiletta. Babu wa babu yake alikuwa farasi wa Kiarabu, aliyenunuliwa Aleppo katika nchi ya Shamu na kupelekwa Uingereza na Thomas Darley mwaka 1704.

Duke alipokufa mwaka 1765, wanyama wake wakauzwa. William Wildman, mfanyi biashara ya nyama, akamnunua Eclipse kwa gini 75. Marske mwenyewe aliuzwa kwa bei ndogo, maana hakuna aliyemjali.

Mwanafarasi akakua na hasira nyingi, hata wengine wakashauri ahasiwe. Lakini bwana wake hakufanya haraka. Yasimuliwa kwamba alimtia mikononi mwa mpanda farasi hodari, aliyempanda usiku na mchana mpaka akakubali hatamu. Hakushindanishwa hata alipotimiza miaka mitano.

Tarehe 3 Mei 1769 alishindana mara ya kwanza, mahali paitwapo Epsom. Siku zile farasi walikimbia maili 4, wakapumzika, kisha wakarudia. Baada ya duru ya kwanza, Mwailandi mmoja, Dennis O'Kelly, akaweka dau kwamba Eclipse atakuwa wa kwanza na wengine hawatakuwapo. Maana yake, aliyeachwa nyuma yadi 240 hakuhesabiwa kuwa na nafasi. Ikawa kama alivyosema. O'Kelly akanunua nusu ya farasi yule, kisha akamnunua wote.

Katika mwaka 1769 na 1770 Eclipse alishindana mara 18, asishindwe hata mara moja. Mwisho hapakuwa na mtu aliyetaka kuweka fedha yake dhidi yake, akaachishwa mbio.

Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini mbio za Eclipse zilipofika ukingoni, kazi yake kubwa ndiyo kwanza ilianza. Watu walileta majike yao wapandwe naye, na watoto wake watatu walishinda mashindano ya Derby, mwaka 1781, 1783 na 1784. Hata hivyo, katika kuhesabu fedha walizopata watoto kila mwaka, dume mwingine, jina lake Herod, alimtangulia. Ubora wa Eclipse ulidhihirika zaidi kwa wajukuu na vitukuu.

Alikufa Februari 1789 kwa ugonjwa wa tumbo. Mganga wa wanyama Mfaransa, Sainbel, akampasua na kumpima kila kiungo, akaona moyo wake una uzito wa ratili 14. Mwaka 1791 Sainbel akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha uganga wa wanyama kilichofunguliwa London, na hata leo mifupa ya Eclipse imehifadhiwa katika chuo hicho. Mwaka huo huo kilipigwa chapa kitabu cha kwanza cha nasaba za farasi wa mbio, kila mtoto na baba yake na mama yake. Bila ya kitabu kama hicho, nani angeweza leo kusema huyu ni wa ukoo wa Eclipse?

Basi, mabwana, farasi si mali ya kila mtu, lakini ng'ombe na mbuzi tunao. Kabla hujamhasi fahali kijana kwa kuwa amekupiga pembe, uliza kwanza: mama yake alitoa maziwa kiasi gani? Baba yake alizaa ndama wa namna gani? Na majibu yaandikwe katika daftari, maana akili ya mtu husahau. Kisu kikiisha kupita, hakuna dawa ya kurudisha mbegu iliyopotea.